Tafadhali, Lazima, Inahimizwa

Katika PEP 8, waraka unaoongoza mtindo wa kuandika programu kwa lugha ya Python, mna sentensi moja fupi inayohusu lugha za binadamu. Inawaita waandishi wa programu wanaotoka nchi zisizozungumza Kiingereza, inawaomba tafadhali waandike maelezo yao kwa Kiingereza, kisha inawaachia upenyo: wanaweza kuacha kufanya hivyo ikiwa wana uhakika wa asilimia 120 kwamba msimbo wao hautasomwa kamwe na watu wasiojua lugha yao. Waraka huo ni wa Julai 2001. Waliouandika awali ni Barry Warsaw na Guido van Rossum, Mholanzi aliyeanza kuitunga Python huko Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989. Wanaojifunza Python leo, wawe Dodoma, Kampala au São Paulo, huelekezwa kwenye waraka huo mapema sana.

Maelezo yanayozungumziwa ni yale maneno ambayo mwandishi huyaweka ndani ya msimbo, nyuma ya alama ya reli, ili kumweleza mwenzake kinachofanyika na kwa nini. Kompyuta huyaruka. Ndiyo sehemu pekee ya msimbo ambayo mtu huzungumza na mtu bila mashine kuingilia, na ndiyo sehemu ambayo sera hii ya lugha imeilenga.

Nataka kuisoma sentensi hiyo, na jamaa zake mbili tatu, kwa namna tunavyousoma ubeti: nani anasema, anamwambia nani, kwa toni gani, na sarufi yake imebeba nini ambacho maneno hayakitaji. Maudhui yake sina ugomvi nayo. Kwamba watu wa mataifa mengi wanaofanya kazi moja wanahitaji lugha ya kukutania, sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa. Lugha yetu imeifanya kazi hiyo bandarini, sokoni na kambini kwa karne nyingi. Ninachokihoji ni fani. Kanuni mbili zinaweza kudai jambo lilelile, moja ikamwongezea msomaji nguvu na nyingine ikamwacha na mzigo peke yake, na tofauti yote ikawa katika namna zilivyoandikwa.

Tuanze na anayeitwa. PEP 8 kwa kawaida huzungumzia vitu. Inasema mstari usizidi herufi 79, inasema kila ngazi ya kuingia ndani iwe nafasi nne, inasema wapi paachwe mstari mtupu. Msomaji wake ni mmoja, hana sura wala kwao. Ghafla, katika sehemu ya maelezo, msemaji anainua uso na kuliita kundi la watu kwa mahali walikotoka, kisha anaweka nukta pacha na kuwageukia. Ni nida kamili, kama ile ya mshairi anayesita katikati ya hoja na kumwita mlengwa wake. Kabla ya nida hiyo wasomaji wote walikuwa "wewe" mmoja. Baada yake wamekuwa wawili: yule asiyehitaji kuitwa, kwa kuwa tayari yumo, na yule anayeitwa kando apewe ombi lake.

Sidhani kwamba kuna dharau hapo. Van Rossum mwenyewe ametoka katika nchi ambayo lugha yake ni Kiholanzi, kwa hiyo anapowaita watu wa nchi zisizozungumza Kiingereza, anajiita na yeye. Anayesema hapa ni mtu aliyekwisha kuvuka, anayewaambia walio nyuma yake njia aliyopita. Jambo hilo linaipa sentensi joto ambalo lisingekuwepo kama ingetoka kwa mtu asiyewahi kuandika mstari kwa lugha isiyo yake.

Lakini uzoefu wa Mholanzi ndio uliochonga kipimo chake, nacho ni kipimo cha nchi. Sentensi inadhani kwamba kila nchi ina lugha yake, na kila mtu ana lugha ya nchi yake. Tazama umoja katika maneno "lugha yako". Kwa mtu wa Uholanzi, Ureno au Japani umoja huo unatosha. Upeleke Nairobi uone unavyoyumba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Je, mwandishi wa programu wa Nairobi ametoka nchi inayozungumza Kiingereza au isiyokizungumza? Alisomea hesabu kwa Kiingereza, anabishana na wenzake kwa Kiswahili, na huenda anaongea na mama yake Kikamba au Kiluo. Mwenzake wa Lubumbashi anazungumza Kiswahili mtaani, na maelezo ya msimbo anayaandika kwa Kifaransa kama alivyofundishwa. Nida ya PEP 8 inapita juu ya vichwa vya watu hawa wote. Haijawakataa; haikuwaona ilipokuwa ikiandikwa, na ndiyo maana hawajui kama ni wao walioitwa.

Sasa tuje kwenye asilimia 120. Hii ni chuku, na ni chuku nzuri. Waraka uliojaa vipimo halisi, herufi 79 hapa na nafasi nne pale, unachomoa kipimo kisichowezekana. Uhakika hauvuki mia. Msemaji anajua, msomaji anajua, na wote wawili wanatabasamu. Utani huo unailegeza sentensi. Bila huo ingesikika kama amri ya ofisi.

Ila ifuate mantiki yake hadi mwisho. Ruhusa ya kuandika kwa lugha yako imewekewa sharti, na sharti lenyewe limezidishwa mara mbili: kwanza kwa uhakika usiofikika, pili kwa neno "kamwe", linaloufunga wakati ujao wote. Mtu anayeandika programu ya kukusanya michango ya SACCOS moja Mbeya, itakayotumiwa na watu ambao wote wanajua Kiswahili, bado hawezi kuapa kwamba msimbo wake hautakuja kusomwa na mgeni. Nani awezaye kuapa hivyo? Kwa hiyo ukiisoma kwa sarufi, sentensi ni ombi lenye upenyo. Ukiisoma kwa mantiki, ni katazo. "Tafadhali" inaomba, "asilimia 120" inafunga. Ustadi wa sentensi umo katika kuyafanya mambo hayo mawili kwa pumzi moja bila msomaji kuhisi mshono, na kasoro yake imo humohumo, kwa sababu anayekatazwa kwa utani hapati mahali pa kujibu.

Jirani wa sentensi hiyo amebadilika, nayo imebaki. Kwa miaka mingi mstari uliotangulia ulisema kwamba unapoandika Kiingereza, ufuate Strunk na White, yaani kile kitabu mashuhuri cha Marekani cha mtindo wa uandishi. Mwaka 2020 mstari huo ukaondolewa, na mahali pake pakawekwa mwingine unaosema uhakikishe maelezo yako ni wazi na yanaeleweka kwa urahisi kwa wasemaji wengine wa lugha unayoiandikia. Badiliko hilo lilizua mabishano makali juu ya sababu zilizotolewa. Fani yake ndiyo inayonivuta. Mstari wa zamani ulimpeleka mwandishi kwa mamlaka: nenda kwenye kitabu, kitabu kimesema. Mstari mpya unampeleka kwa msomaji. Na umeacha jina la lugha wazi kabisa: lugha yoyote unayoiandikia, wafikirie wanaoijua. Kwa mstari huo, maelezo ya Kiswahili yaliyo wazi kwa Waswahili ni maelezo mema. Kisha jicho linashuka mstari mmoja na kukutana na ombi la Kiingereza na asilimia zake 120. Sentensi mbili zinakaa bega kwa bega na hazikubaliani. Ya kwanza inapima maelezo kwa uwazi, ya pili inayapima kwa ukubwa wa hadhira inayoweza kutokea. Mhariri makini angeziunganisha kwa neno moja la sababu. Hakuna aliyefanya hivyo, na ufa umebaki wazi kwa kila mtu kuuona.

Toni ya pili inapatikana katika waraka mwingine, PEP 3131, ulioandikwa na Mjerumani Martin von Löwis mwezi Mei 2007. Hoja yake ilikuwa kwamba Python iruhusu majina yanayotungwa na mwandishi, ya vitu na ya kazi zinazotendwa na programu, yaandikwe kwa herufi za hati yoyote duniani. Pendekezo likapita, likaingia katika Python 3.0 mwezi Desemba 2008. Sehemu yake ya sababu ni nathari ya aina tofauti kabisa na ile ya PEP 8. Hakuna nida. Kiima cha sentensi ni watu wengi duniani wanaoandika Python bila kukijua vema Kiingereza, au hata hati ya Kilatini yenyewe. Watu hao hawaombwi kitu; wanaelezwa wanataka nini. Wanataka kuvipa vitu majina kwa lugha yao badala ya kubuni tafsiri ya Kiingereza ambayo mara nyingi haiwi sahihi. Hapo mizani imegeuka. Katika PEP 8 upungufu ulikuwa wa mtu asiyejua Kiingereza. Hapa upungufu ni wa tafsiri.

Mwandishi wa programu aliyewahi kutengeneza mfumo kwa ajili ya serikali za mitaa Tanzania anajua ukweli wa hoja hiyo. Fomu inasema kitongoji, kijiji, mtaa, kata, tarafa. Mtendaji anasema hivyohivyo. Mwandishi akikaa kwenye msimbo na kuyageuza yote kuwa Kiingereza, kila marekebisho yatampitisha kwenye tafsiri mara mbili, kwenda na kurudi, na kosa litajificha katika moja ya safari hizo.

Lakini waraka huohuo, baada ya kujenga hoja kwa upole, unabadilisha sauti. Unaweka sera kwa ajili ya maktaba sanifu ya Python, yaani msimbo unaokuja pamoja na lugha yenyewe, na hapo maneno yanapanda kuwa herufi kubwa: majina yote LAZIMA yatumie herufi za ASCII, yaani zile za msingi za Kilatini, peke yake, na INAPASWA yawe maneno ya Kiingereza kila inapowezekana. Sera hiyo imenakiliwa katika PEP 8 pia. Herufi kubwa si kelele. Ni desturi ya nyaraka za kiufundi za intaneti, na maana zake zilipangwa mwaka 1997 katika waraka RFC 2119 wa Scott Bradner: la kwanza ni sharti lisilo na njia ya kutokea, la pili ni agizo unaloweza kuliacha ukiwa na sababu nzuri na ukiwa umeyapima matokeo yake.

Sasa tazama ni kipi kimepewa lazima na kipi kimepewa inapaswa. Herufi ni lazima. Maneno ni inapaswa. Sheria imekaza mahali ambapo mashine inaweza kukagua, ikalegeza mahali ambapo mashine haioni. Von Löwis analitambua jambo hilo waziwazi: anasema kuwabana watu kwenye ASCII hakuwalazimishi kuandika Kiingereza, kwa hiyo sera nyingine ingehitajika vyovyote vile. Kiswahili ni ushahidi wake kamili. Jina kama jumla_ya_ada linatimiza lazima yote bila doa, na linavunja inapaswa bila chombo chochote kugundua. Mhabeshi anayetaka kutumia hati yake ya Kigeez anakamatwa na lazima. Sisi tunapita, tukiwa na lugha ambayo si Kiingereza zaidi wala pungufu kuliko Kiamhari.

Upenyo huo hatukuupata kwa sifa yetu. Wazee wa Lamu, Pate na Mombasa waliandika tenzi zao kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa. Hati ya Kilatini ilikuja na wamisionari na serikali za kikoloni, na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya makoloni ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ikasanifisha maandishi kwa msingi huo. Laiti historia ingekwenda upande mwingine, jina la Kiswahili lingesimamishwa mlangoni pamoja na lile la Kiamhari. Na hata sasa ulinzi wetu una tundu: ng'ombe haiingii katika jina la Python, kwa sababu ile alama ya juu ndiyo inayofungua matini katika lugha hiyo. Mfugaji wa Simanjiro ataandikiwa ngombe, na sauti ya kwanza ya mnyama wake itakuwa imebadilika.

Kulikuwa na kifungu kimoja zaidi ambacho ningependa kila mhakiki akione. PEP 3131 iliweka kwamba katika maktaba sanifu hata maelezo na matini yawe kwa ASCII, na ikataja mambo mawili tu yanayosamehewa: majaribio ya uwezo huohuo wa herufi za kigeni, na majina ya waandishi. Papo hapo, kwa lazima ya herufi kubwa, ikawataka waandishi ambao majina yao hayaandikwi kwa hati ya Kilatini watoe na namna ya kuyaandika kwa hati hiyo. PEP 8 ya sasa imelegea: inasema herufi zisizo za ASCII zitumike kwa uchache, ikiwezekana kwa majina ya mahali na ya watu tu. Sifa kwa badiliko hilo. Hata hivyo muundo wa wazo haujaondoka. Lugha nyingine imeruhusiwa kuwepo katika msimbo kama jina la mtu au la mahali. Inaweza kumtaja mtu. Haiwezi kueleza alichofikiri.

Toni ya tatu ni fupi, na ndiyo ninayoihofia zaidi. Baada ya lazima na inapaswa za maktaba sanifu, PEP 8 inaongeza kwamba miradi ya programu huria yenye hadhira ya dunia nzima inahimizwa kufuata sera kama hiyo. Inahimizwa na nani? Kauli ya kutendwa imemfuta mtenda. "Tafadhali" ilikuwa na mtu nyuma yake, mwenye uso na utani. "Lazima" ilikuwa na mipaka: maktaba sanifu, basi. "Inahimizwa" haina mtu na haina mpaka, kwa kuwa mradi gani wa programu huria utakubali kwamba hadhira yake si dunia nzima? Kwa kauli moja ya kutendwa, kanuni ya ndani ya mradi mmoja inapewa njia ya kuwa desturi ya miradi yote.

Yote haya yangekuwa lawama tupu kama kusingekuwa na mfano wa kanuni ileile iliyoandikwa vizuri zaidi. Upo, na von Löwis mwenyewe anautaja kama kielelezo cha sera ya aina hiyo. Ni viwango vya uandishi wa msimbo vya mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Kwa habari ya maelezo, viwango hivyo vinasema: tafadhali yaandike kwa Kiingereza, kwa sababu hiyo ndiyo lugha moja ambayo karibu waandishi wote wa programu katika nchi zote wanaweza kuisoma. Kama huandiki Kiingereza vizuri, tafadhali andika kadiri unavyoweza, kisha waombe wengine wakusaidie kuyaandika upya. Kama huwezi kabisa, tafadhali mtafute mtu wa kushirikiana nawe ayatafsiri.

Dai ni lilelile, na ni kali zaidi, kwa kuwa halina hata upenyo wa utani. Angalia fani lakini. Tafadhali ni tatu, na kila moja inashuka ngazi kumfuata msomaji alipo: anayeweza, anayeweza kwa shida, asiyeweza. Katika ngazi ya kwanza kuna sababu, imetamkwa kwa neno "kwa sababu", na sababu ikitamkwa inaweza kupimwa na hata kukataliwa. Katika ngazi ya pili na ya tatu wanaingia watu wengine: wengine wakusaidie, mtu ashirikiane nawe. Hakuna aliyeitwa kwa nchi yake. Mtu anapimwa kwa anachoweza kufanya na lugha, kipimo ambacho Nairobi na Lubumbashi wanaingia bila kujiuliza. Na aliyeshindwa kabisa hakuachwa nje. Ameambiwa njia ya kubaki ndani. Stallman ni Mmarekani, mzungumzaji wa Kiingereza tangu utoto, na bado sentensi zake zimemwona asiyejua Kiingereza kwa undani kuliko zile za Mholanzi aliyewahi kukivukia.

Python haikusimama hapo ilipokuwa mwaka 2001. PEP 545 ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa tafsiri za nyaraka zake kukaa kwenye tovuti rasmi, na Kifaransa, Kijapani na Kikorea zikapata nafasi mapema. Ni hatua kubwa, ingawa inahusu kusoma tu. Jumuiya ya Ruby, lugha iliyotungwa na Mjapani Yukihiro Matsumoto, kwa muda mrefu ilikuwa na orodha ya mjadala ya watunzaji kwa Kijapani na nyingine kwa Kiingereza, mtu akachangia kwa ile aliyoiweza. Nasi tulikuwa na mwanzo wetu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Nawaomba sasa wale wanaoandika miongozo ya miradi yao Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Goma. Wengi hunakili sera ya lugha kutoka PEP 8 bila kuigusa. Msiinakili. Andikeni sentensi yenu, iwe ya Kiingereza, ya Kiswahili au ya zote mbili, na iwe na mambo matatu: sababu iliyotajwa, lugha ambayo majina ya shughuli yenyewe yatabaki nayo, na jina la mtu au kikundi katika mradi atakayemsaidia mchangiaji asiyeimudu lugha mliyoichagua. Sentensi tatu zinatosha. GNU hawakuhitaji zaidi ya hizo.